Zabibu haisubiri: namna ya kuilinda na ukungu baada ya kuchumwa

Zabibu haiivi tena ikishakatwa mzabibuni. Embe, ndizi na parachichi huchumwa kabla ya kuiva, kisha huvundikwa hadi zikalika. Zabibu haivundikiki. Sukari iliyomo asubuhi ya kuchuma haiongezeki hadi siku ya kuliwa, na uchachu wake haugeuki utamu kwa kungoja. Kuanzia pale mkasi unapokata kikonyo, kichala hakina kitu cha kuongeza, kina vya kupoteza tu. Kwa hiyo kutunza zabibu za mezani, yaani zinazoliwa zilivyo badala ya kukamuliwa mvinyo, ni kazi ya kuchelewesha hasara. Hasara hiyo huja kwa njia tatu: kupumua, kukauka na kuoza.

Kila punje huendelea kuwa hai baada ya kuchumwa. Hupumua, na kwa kupumua hutumia sukari na asidi yake na kutoa joto. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, kasi hiyo hupanda mara mbili hadi tatu. Bahati nzuri, zabibu hupumua taratibu kuliko matunda mengi, hivyo hasara hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Kukauka ni jambo zito zaidi. Punje ya zabibu imevikwa nta nyembamba, ule weupe unaofanana na vumbi ambao wengi huufuta wakidhani ni dawa. Nta hiyo huzuia maji yasitoke. Kikonyo hakina kinga ya namna hiyo, na ndiyo maana hukauka kwanza. Kichala kikipoteza takriban asilimia 2 ya uzito wake, vikonyo huanza kugeuka kahawia. Kikipoteza asilimia 4 au 5, punje zenyewe hunyauka. Kikonyo kikavu pia hushika punje kwa udhaifu, nazo hupukutika ndani ya boksi. Mnunuzi mzoefu hutazama kikonyo kabla ya punje, kwa kuwa hicho ndicho kinachoeleza muda uliopita tangu kuchumwa na jinsi muda huo ulivyotumika.

Kuoza ndiko kunakomaliza shehena nzima.

Ukungu usioogopa baridi

Adui mkuu wa zabibu ghalani ni kuvu aitwaye Botrytis cinerea, maarufu kama ukungu wa kijivu. Ndiye huyohuyo anayeshambulia stroberi shambani na anayewanyima usingizi wakulima wa maua ya waridi nchini Kenya. Kwenye zabibu ana sifa nne zinazomfanya awe mgumu kumshinda.

Kwanza, baridi haimsimamishi. Matunda mengi yakiwekwa kwenye nyuzi 0 huwa salama dhidi ya ukungu mwingi, lakini huyu huendelea kukua hata chini kidogo ya hapo, japo polepole. Pili, anaweza kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Tatu, huweza kuingia mzabibu ukiwa bado kwenye maua, akajificha kimya kwa miezi, kisha akaamka punje inapojaa sukari. Kichala kinachoonekana safi siku ya kuchuma kinaweza kuwa kimeshabeba ugonjwa ndani. Nne, hatembei kwa vijimbegu vinavyopeperuka peke yake. Nyuzinyuzi zake hutoka kwenye punje moja na kuingia iliyoigusa, kisha nyingine, hadi kichala kizima kigeuke bonge moja lililofunikwa manyoya ya kijivu.

Dalili ya mwanzo huonekana kabla ya manyoya hayo: punje hugeuka kahawia, na ikibonyezwa kwa kidole ngozi huteleza na kuachana na nyama. Punje ya namna hiyo ikibaki katikati ya kichala, zilizo jirani nayo zimo hatarini.

Wapo maadui wengine wanaopenda joto. Rhizopus hutoa utomvu na nywele zenye vichwa vyeusi. Aspergillus niger huacha unga mweusi kama masizi. Wote wawili huenea kwa kasi kwenye boksi lililoachwa juani, lakini husimama joto likishuka chini ya nyuzi 5 hivi. Penicillium, ukungu wa buluu na kijani, hustahimili baridi na mara nyingi huingilia palipo na ufa. Kuna pia uozo wa uchachu, unaoletwa na hamira na bakteria wa siki, ambao inzi wadogo wa matunda huwabeba kutoka punje iliyopasuka hadi nyingine.

Ukungu hauishii kwenye sura na ladha. Baadhi ya jamii za Aspergillus, hasa Aspergillus carbonarius, huzalisha sumu iitwayo okratoksini A, inayodhuru figo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha. Kwa sababu hiyo zabibu zenye ukungu hazifai kupelekwa kwenye juisi wala kukaushwa kwa nia ya kuokoa hasara.

Kinga huanzia shambani

Hakuna ghala linaloweza kufanya zabibu mbovu kuwa nzuri. Jambo hili linaonekana wazi Dodoma, mkoa unaobeba kilimo cha zabibu Tanzania, wenye kituo cha utafiti wa zao hilo huko Makutupora chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Hali ya kitropiki humruhusu mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Mvumi kuvuna mara mbili kwa mwaka kwa kupanga tarehe za kupogoa. Mavuno ya Agosti na Septemba huja wakati wa ukame, hewa ikiwa kavu na mbingu nyeupe. Mavuno ya Februari na Machi huangukia ndani ya msimu wa mvua. Mzabibu ni uleule na mkulima ni yuleyule, lakini vichala vya mavuno haya mawili havina uwezo sawa wa kukaa. Maji yanayolala juu ya punje kwa saa nyingi, joto likiwa karibu na nyuzi 20, ndiyo mazingira ambayo ukungu wa kijivu huyatafuta.

Aina ya mzabibu nayo ina uzito wake. Sehemu kubwa ya zabibu za Dodoma, kama Makutupora Red na Chenin Blanc, hulimwa kwa ajili ya mvinyo, ingawa watu huzila vilevile. Zabibu ya mvinyo kwa kawaida ina punje ndogo zilizobanana. Punje zilizobanana hushikilia maji katikati ya kichala, hazipitishi upepo, na hukandamizana hadi kupasuka. Zabibu inayofaa kuhifadhiwa na kusafirishwa ina kichala kilichoachana, punje kubwa, ngozi ngumu kidogo na vikonyo vinene.

Mkulima anayelenga soko la mezani ana kazi zinazomlipa baadaye. Hupunguza majani yanayokizunguka kichala ili upepo na mwanga vipite, bila kukiacha uchi kwenye jua la mchana. Huondoa baadhi ya vichala ili vilivyobaki vishibe. Hupunguza punje ndani ya kichala zikiwa bado changa. Huinua matawi yasiguse ardhi na kuondoa vichala vilivyokauka tangu msimu uliopita, kwa kuwa humo ndimo kuvu hulala. Dawa za ukungu zikihitajika, wakati wake muhimu ni kipindi cha maua na kabla punje hazijafunga kichala, kwani baada ya hapo dawa haifiki ndani. Idadi ya siku za kungoja kati ya kupulizia na kuvuna, iliyoandikwa kwenye lebo, ni ahadi kwa mlaji na haipaswi kukatwa.

Siku ya kuchuma

Kwa kuwa zabibu haiivi ghalani, siku ya kuchuma huamuliwa na utamu. Kipimo cha mkononi kiitwacho refraktometa huonyesha sukari kwa tone moja la maji ya zabibu. Aina nyingi za mezani huchumwa zikifika kati ya 16 na 18 kwa kipimo cha Briksi, kutegemea aina na uchachu wake. Punje za ncha ya chini ya kichala huchelewa kuiva, hivyo ndizo za kuonja au kupima.

Saa nzuri ya kuchuma ni asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Mvua ikinyesha, mavuno husogezwa mbele mpaka vichala vikauke kabisa. Kusubiri siku moja au mbili zaidi huzipa punje zilizoambukizwa nafasi ya kujionyesha zikaondolewa. Kichala hushikwa kwa kikonyo chake kikuu ili vidole visifute nta. Punje mbovu hukatwa kwa mkasi mdogo kwenye kishikizo chake. Kuinyofoa kwa mkono huacha jeraha bichi na kumwaga maji yake matamu juu ya nyingine, na pale ndipo ukungu unapoanzia.

Vichala hulazwa kwenye kreti fupi zenye matundu, safu moja tu. Ndoo na tenga refu huponda vya chini kwa uzito wa vya juu. Kreti hukaa kivulini tangu zinapojazwa. Zabibu za kuhifadhi hazioshwi. Maji huondoa nta, huingia katikati ya kichala na kukaa humo, na husambaza vijimbegu kutoka kichala kibovu hadi kizima.

Kuondoa joto la shamba

Kichala kilichochumwa saa nne asubuhi kinaweza kuwa na joto la nyuzi 30 ndani ya punje. Joto hilo lisipoondolewa, kila saa inayopita hula sehemu ya maisha yake, na vikonyo ndivyo vya kwanza kulipa. Wafungashaji makini hulenga kuanza kupoza ndani ya saa chache, bila kuzidi saa 6 tangu kukata.

Hapa hutokea kosa la kawaida. Maboksi hupangwa ndani ya chumba cha baridi na kuachwa, kwa kuamini kwamba chumba kitafanya kazi. Baridi hupita pembeni mwa rundo, huku maboksi ya katikati yakibaki na joto kwa siku nzima au zaidi. Suluhisho ni feni inayovuta hewa baridi ipite kwenye matundu ya maboksi hadi kwenye punje zenyewe. Kwa njia hiyo kazi ya siku humalizika kwa saa kadhaa. Lori lenye jokofu pia hulaumiwa bila haki. Limeundwa kushikilia baridi iliyokwishapatikana, na halina nguvu ya kupoza shehena iliyopakiwa ikiwa na joto.

Kiwango kinachotakiwa ni kati ya nyuzi 1 chini ya sifuri na nyuzi 0, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 90 hadi 95. Sukari huizuia punje isigande hapo, ila joto likishuka zaidi vikonyo, vyenye sukari kidogo, huganda kabla ya punje. Baridi hiyo inapaswa kutokatika. Zabibu baridi ikitolewa nje kwenye hewa ya joto hutoa jasho, na tone hilo la maji humpa kuvu alichokuwa akikingoja. Boksi lililoingizwa na kutolewa kwenye baridi mara kadhaa huharibika haraka kuliko lile lililokaa kwenye ubaridi wa wastani usiobadilika.

Maarifa ya kabla ya umeme

Watu walihifadhi zabibu mbichi kwa miezi kabla ya majokofu. Nchini Afghanistan, wanavijiji wa kaskazini ya Kabul hufinyanga vyombo viwili vya udongo na majani makavu, huviacha vikauke juani, hupanga humo zabibu za ngozi ngumu zilizochumwa mwisho wa msimu, kisha huvifunika pamoja na kuziba kingo kwa udongo mbichi. Chombo hicho, kiitwacho kangina, huwekwa mahali pakavu penye ubaridi na kufunguliwa majira ya baridi au hata mwanzoni mwa mwaka mpya wa machipuko. Udongo hupunguza hewa na maji yanayotoka, na kuvunja kimoja hakugusi vingine.

Katika kijiji cha Thomery, karibu na Fontainebleau nchini Ufaransa, wakulima wa karne ya 19 walikata kichala pamoja na kipande cha tawi lake. Tawi lilitumbukizwa kwenye chupa ya maji yenye kipande cha mkaa wa kuzuia maji yasioze, na chupa zilipangwa kwa maelfu kwenye vyumba vyenye giza. Kikonyo kiliendelea kunywa, na zabibu zilifika sokoni Paris zikiwa mbichi hadi majira ya machipuko. Huko Almería, kusini mwa Hispania, zabibu zenye ngozi nene za Ohanes zilifungwa kwenye mapipa yaliyojazwa unga wa gome la mti wa koki, zikavuka bahari hadi Uingereza na Marekani. Unga huo ulitenganisha punje, ulizizuia zisigongane na kunyonya unyevu.

Kila jamii kati ya hizo ilikabili sehemu moja ya tatizo: hewa, maji ya kikonyo, au mgusano wa punje. Kilichokosekana ni njia ya kumuua kuvu bila kuligusa tunda.

Gesi ya salfa

Njia hiyo ilipatikana California. Mwaka 1925 A. J. Winkler na H. E. Jacob wa Chuo Kikuu cha California walichapisha utafiti wa matumizi ya gesi ya dioksidi ya salfa kwenye zabibu. Gesi hiyo huua vijimbegu vilivyo juu ya ngozi na nyuzinyuzi zinazojaribu kuvuka kutoka punje moja hadi nyingine, na huvisaidia vikonyo kubaki kijani. Haifiki kwa kuvu aliyekwisha kuingia ndani ya punje. Kwa hiyo haitibu; inazuia kuenea, na lazima irudiwe.

Kwa miongo mingi maghala yalijazwa gesi kwa wingi mara moja kwa wiki. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kiasi kidogo kinatosha: kwenye nyuzi 0, sehemu 100 za gesi katika milioni moja ya hewa kwa saa moja, au 50 kwa saa mbili, huua ukungu wa kijivu uliomo hewani na juu ya matunda. Ujuzi huo ulipunguza matumizi ya gesi na mabaki yake.

Kwa safari ndefu za meli hutumika karatasi maalumu zenye chembe za sodiamu metabisulfaiti. Unyevu wa zabibu wenyewe huamsha chembe hizo zikatoa gesi. Karatasi za awamu mbili hutoa nyingi siku za mwanzo, kisha kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Anayefungua katoni ya zabibu kutoka Afrika Kusini katika soko la Dar es Salaam au Nairobi huweza kukuta karatasi hiyo juu ya vichala, ndani ya mfuko wenye vitundu. Kwa baridi kamili na salfa, aina zinazostahimili hukaa miezi miwili, mitatu na hata zaidi.

Gesi hiyo inahitaji heshima. Ikizidi, hupausha punje kuanzia penye kikonyo na kuacha ladha mbaya. Huwasha macho na kifua, na kwa wagonjwa wa pumu inaweza kuwa hatari. Marekani ilipiga marufuku salfaiti, yaani gesi hiyo na chumvi zake, kwenye matunda na mboga mbichi mwaka 1986, ikaacha zabibu chini ya kiwango cha mabaki kisichozidi sehemu 10 katika milioni. Gesi hiyo pia hula vyuma na huharibu mboga na matunda mengine, hivyo zabibu huhifadhiwa peke yake. Katika joto karatasi hutoa gesi yote kwa mkupuo na kuunguza matunda, na kwa hiyo salfa haiwezi kushika nafasi ya baridi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Unga wa salfa unaopulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiri unga si karatasi hizo. Kuuchoma ndani ya chumba au kuunyunyiza juu ya zabibu zilizochumwa ni kuhatarisha mapafu ya anayefanya hivyo na afya ya atakayekula.

Pasipo chumba cha baridi

Mkulima asiye na umeme wa uhakika anaweza kutumia kanuni inayopoza maji ndani ya mtungi wa udongo. Wataalamu wa India walikuza chumba kidogo cha kuta mbili za matofali, katikati kukiwa na mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Maji yanayovukizwa huchukua joto la ndani. Katika kiangazi cha Dodoma, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 30 inaweza kushushwa hadi karibu na nyuzi 20, na vikonyo vikaacha kukauka kwa kasi. Wakati wa masika hewa imeshiba maji, hivyo chumba hicho hushusha joto kidogo tu huku unyevu wake ukimlea kuvu. Hata wakati wa ukame kinafaa kwa siku chache za kungoja gari au mnunuzi, mradi mchanga usitiririshe maji kwenye kreti na vichala vikaguliwe kila siku.

Palipokosekana hata hicho, zipo hatua zisizo na gharama kubwa: kuchuma kiasi kinachouzika, kusafirisha usiku au alfajiri, kufunika mzigo kwa turubai jeupe lenye nafasi ya hewa, na kutopakia zabibu juu ya injini au chini ya magunia.

Sokoni na nyumbani

Muuzaji hupata faida kwa kivuli na kwa kutonyunyizia maji. Maji huzing'arisha zabibu kwa saa moja na kuziozesha jioni. Kichala chenye punje mbovu hutengwa mara moja, na maboksi ya zamani huuzwa kabla ya mapya.

Mnunuzi atafute kikonyo cha kijani kinachopindika, punje ngumu zenye vumbi lake la nta, na boksi lisilo na utomvu chini. Akikitikisa kichala taratibu na punje zikadondoka, hakitafika mbali.

Nyumbani, zabibu huingizwa kwenye friji zikiwa kavu, ndani ya chombo au mfuko wenye vitundu, upande wa ndani ulio baridi zaidi kuliko mlangoni. Punje zilizopasuka au kulainika huondolewa kwanza kwa mkasi. Vitunguu na vyakula vyenye harufu kali huwekwa mbali, kwani zabibu huvuta harufu. Zikiwa zilifika nzuri, hukaa wiki moja hadi mbili. Huoshwa kwa maji yanayotiririka wakati wa kuliwa tu, kiasi kinacholiwa. Punje moja ikikutwa na ukungu, hutupwa pamoja na zote zilizoigusa, na zilizobaki hukaguliwa moja moja. Zisizoweza kumalizwa kwa wakati huoshwa, hukaushwa kwa kitambaa safi na kugandishwa. Hupoteza ugumu zikiyeyuka, lakini utamu hubaki, na hufaa kwa juisi.

Katika mlolongo huu wote hakuna hatua inayofidia nyingine iliyorukwa. Salfa hainusuru zabibu iliyochelewa kupozwa, baridi haimtoi kuvu aliyeingia kwenye ua, na friji ya nyumbani hairudishi maji yaliyopotea njiani. Kila mkono unaopokea kichala hupokea pia muda uliosalia ndani yake, na wajibu wake ni kuukabidhi kwa mkono unaofuata ukiwa umepungua kwa uchache iwezekanavyo.